Saini za Mashujaa Wetu Ziko Kwa Droo za Wazungu

Wasee wa Eldy, leo tuongee kuhusu barua. Najua, najua. Wengi wenu barua ya mwisho mliandika ilikuwa ya insha darasa la nane, ile ya "natumai u buheri wa afya", na mwalimu akakata alama mbili juu ya anwani. Lakini kaeni nami kidogo. Kuna historia ya mji huu imepita mbele ya macho yetu kwa zaidi ya miaka hamsini, ndani ya bahasha, na sisi tulikuwa tunaangalia upande mwingine.

Nianze mbali halafu nirudi nyumbani. Marekani kuna mchezo wa besiboli. Sheria zake usijisumbue nazo, hata mimi bado sijaelewa kwa nini mechi moja inaweza kula mchana mzima. Kitu ninachotaka ujue ni kadi. Watoto wa huko wamekusanya kadi za wachezaji tangu enzi za babu zao: picha mbele, takwimu nyuma. Sasa mchezaji akistaafu anarudi kijiji alikotoka, anafuga ng'ombe ama anauza bima, watu wanamsahau. Halafu siku moja anapata bahasha. Ndani kuna kadi yake ya zamani, barua fupi ya mtu asiyemjua hata kidogo, na bahasha ya pili, tupu, yenye anwani na stempu tayari. Kazi yake ni kuandika jina lake juu ya kadi, kuitia kwa ile bahasha ya pili na kuirudisha posta. Basi. Aliyetuma anaweza kungoja wiki mbili, anaweza kungoja miaka. Wengine hawajibiwi kabisa. Kuna hadi vitabu vilivyochapishwa vya anwani za wachezaji wastaafu, ili watu waandike.

Na raha yake, wanavyosema wenyewe, haiko kwa masupastaa. Staa ana meneja, ana mtu wa kumfungulia barua, pengine hata mtu wa kumwekea saini. Raha iko kwa yule jamaa aliyecheza mechi nne tu mwaka wa 1957 halafu akaumia bega. Huyo akipata barua anashtuka kwamba kuna mtu bado anamkumbuka, na mara nyingine anajibu kurasa tatu.

Sasa hamisha tabia hiyo kutoka besiboli uilete kwa riadha. Mkusanyaji wa saini za wakimbiaji anaandika kwenda wapi?

Kwetu, maze. Anaandika huku.

Kuna watu Ujerumani, Uingereza na Marekani ambao wamejipa kazi ya kutafuta saini ya kila binadamu aliyewahi kushinda medali ya Olimpiki. Wajerumani ndio wamebobea. Kule mwanariadha ana kadi maalum za picha zilizochapishwa kwa ajili ya kusainiwa tu, na kuandika kuomba moja ni jambo la kawaida kama sisi kuomba namba ya simu. Kenya imeshinda zaidi ya medali 120 za Olimpiki tangu ile ya kwanza ya Wilson Kiprugut Chuma, shaba ya mita 800 kule Tokyo 1964. Toa zile chache za ndondi, zilizobaki karibu zote ni za mbio. Ukichora duara kwa ramani, ushike Kapsabet, Iten, Kaptagat, Moiben, sehemu kubwa ya wenye medali hizo wanaishi humo, ama waliwahi kuishi humo, ama wamezikwa humo. Sisi tukisema Eldoret tunafikiria mahindi, maziwa, baridi ya Julai na jam ya Uganda Road. Mkusanyaji wa Stuttgart akisema Eldoret anafikiria sanduku la posta.

Na kusema kweli hajakosea sana, kwa sababu mji huu ulianzia posta. Wengi wetu tunajua kuitwa 64, tunaandika kwa tisheti na kwa matatu, lakini ukiuliza kwa nini, mtu anakuna kichwa. Hapa palikuwa shamba namba 64 la walowezi. Mwaka wa 1910 serikali ya kikoloni ikaweka ofisi ya posta kwenye shamba hilo, na makazi yakaanza kukua kuzunguka posta. Jina Eldoret lilikuja rasmi 1912. Kwa hivyo kabla tuwe mji wa mabingwa, kabla tuwe jiji lenye cheti kutoka kwa Rais Agosti 2024, tulikuwa mahali pa kuchukulia barua.

Hebu ifuate barua moja ya aina hiyo, tuone inavyotembea. Kenya hatuna mtu wa posta anayegonga mlango nyumba kwa nyumba. Barua inaingia kwa boksi, na boksi ina mwenyewe. Mkimbiaji wa 1968 ama 1972 aliyelelewa kijijini hakuwa na boksi yake. Alitumia ya shule ya msingi, ya kanisa, ya chifu, ya kambi ya polisi ama jeshi alikoajiriwa. Ndio maana hata leo ukimuuliza guka wako anwani yake atakupa ya shule fulani. Mzungu anaandika jina, anaandika boksi, anaandika Eldoret ama Kapsabet, anamwomba Mungu wake. Barua inatoka Nairobi, inafika kwa boksi ya shule, karani anaileta ofisini, mwalimu mkuu anasoma jina kwenye bahasha. "Huyu si ni baba ya fulani wa darasa la tano?" Mtoto anapewa abebe jioni. Kilomita elfu sita za ndege, halafu kilomita ya mwisho ni mtoto na begi la shule. Mimi naona hiyo ni teknolojia safi kuliko programu nyingi za kuleta vyakula.

Tatizo lilikuwa bahasha ya kurudi. Stempu ya Ujerumani haifanyi kazi Eldoret. Barua inayotoka Kenya inataka stempu ya Kenya. Suluhisho lilikubaliwa zamani, kwenye mkutano wa Umoja wa Posta Duniani uliofanyika Roma 1906: kuponi ya kimataifa ya kujibu. Unainunua kwenu, unaitia kwa bahasha, mwenzako anaipeleka kwa posta yake na anapewa stempu ya kutosha kutuma barua ya kawaida nje ya nchi. Ni karatasi ndogo tu ya heshima, inasema: najua nakusumbua, usitoe pesa yako kwa ajili yangu.

Hapa nitatoka nje ya barabara kidogo kwa sababu siwezi kuacha hii. Mnajua zile pesa za piramidi, weka elfu kumi upate elfu kumi na tano baada ya mwezi? Yule Charles Ponzi wa Boston ambaye jina lake limekuwa jina la utapeli huo dunia nzima, 1920 alikuwa anawaambia watu kwamba faida inatoka kwa kununua kuponi hizi za posta kwa bei rahisi nchi moja na kuzibadilisha nchi nyingine. Kuponi zenyewe hata hakuwa amenunua za maana. Kitu kilichobuniwa ili maskini asilipie stempu kikazaa babu wa matapeli wote. Haya, turudi.

Kuponi hizo zimekaribia kutoweka. Uingereza iliacha kuziuza mwishoni mwa 2011, Marekani mwanzoni mwa 2013. Siku hizi mkusanyaji anatia noti ya dola katikati ya karatasi mbili na kutumaini hakuna mtu njiani ataiangalia bahasha kwa mwanga. Huo ni mtihani wa imani, na si wote njiani hufaulu.

Kuna karatasi nyingine wakusanyaji wanaipenda, na hii inafaa kila kijana wa Afrika Mashariki aione walau mara moja. Ni stempu zenyewe. Mwaka wa 1976 Kenya, Uganda na Tanzania bado zilikuwa zinatoa stempu pamoja. Zikatoa seti ya Olimpiki ya Montreal. Senti 50, John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi. Shilingi 1, Filbert Bayi wa Tanzania, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500. Shilingi 2, bondia wetu Stephen Muchoki. Shilingi 3, mwenge wa Olimpiki na bendera zetu tatu. Stempu safi, bendera zikipeperuka. Halafu hakuna hata nchi moja kati ya hizo tatu iliyoshiriki. Afrika iligomea michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Kwa hivyo kuna stempu halali, zilizobandikwa kwa barua za watu, zinazosherehekea mashindano ambayo wenye sura hizo hawakukanyaga. Mwaka uliofuata Jumuiya yenyewe ikavunjika. Nikiambiwa nichague kitu kimoja kidogo cha kueleza miaka ya sabini kwa mtu wa TikTok, nitachagua seti hiyo.

Na mgomo huo unaonyesha mahali ambapo wakusanyaji wa kigeni, pamoja na bidii yao yote, wanakosea hesabu. Orodha yao ni ya medali. Sasa Henry Rono utamweka wapi? Mtoto wa Nandi aliyekuwa mwanafunzi Washington State, ambaye 1978 ndani ya siku 81 alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000 bila viunzi. Nne! Siku 81! Lakini 1976 Kenya iligoma, na 1980 Kenya ikagoma tena, mara hii Moscow, upande wa Marekani kwa sababu ya Afghanistan. Rono hakuwahi kusimama kwa mstari wa kuanzia wa Olimpiki. Kwa mkusanyaji wa medali, hayupo. Mike Boit alikuwa na shaba ya mita 800 ya Munich 1972, kwa hivyo yeye yumo, lakini ule mwaka ambao angeweza kupata kubwa zaidi alibaki nje kama Rono. Na kina mama je? Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai ndio wanawake wa kwanza wa Kenya kukimbia Olimpiki, Mexico 1968. Hawakurudi na medali. Mwanamke Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki alikuwa Pauline Konga, fedha ya mita 5,000, Atlanta 1996. Dhahabu ikaja na Pamela Jelimo, Beijing 2008. Ukifuata orodha ya medali, kina mama wetu wanaanza kuwepo miaka 28 baada ya wao kuanza kukimbia.

Sasa tuongee pesa, maana najua kuna mtu hapo anauliza, "na wazee walilipwa ngapi?"

Sufuri. Na haikuwa tu roho nzuri. Wakati wa Keino, riadha ilikuwa ya ridhaa kwa sheria kali. Mwanariadha hakuruhusiwa kupata pesa kutokana na jina lake la michezo, la sivyo anafungiwa. Kipchoge Keino aliposhinda mita 1,500 Mexico alikuwa mtu wa polisi, na mshahara wake ulikuwa wa polisi. Ben Jipcho alipoamua kuingia mbio za kulipwa Marekani miaka ya katikati ya sabini, mlango wa Olimpiki ulifungwa nyuma yake. Kwa hivyo saini ya bure haikuwa zawadi peke yake, ilikuwa pia ndio bei pekee iliyoruhusiwa. Wakati huohuo besiboli ilikuwa imefika mahali mastaa wa zamani wanakaa mezani kwa ukumbi, watu wanapanga laini, unalipa, unasainiwa. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle ya 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Kadi moja! Saini hata haikuwepo. Na palipo na pesa hapakosi wezi: polisi wa FBI walilazimika kufanya operesheni nzima dhidi ya magenge yaliyokuwa yanaghushi saini za wachezaji kwa maelfu.

Picha za wakimbiaji wetu zenye saini nazo zinauzwa mtandaoni, ingia tu utafute. Bei yao haijakaribia hata soksi ya Mantle, lakini zinauzwa. Mzee alisaini bure, akalamba bahasha, akampa mtoto apeleke shuleni. Miaka thelathini baadaye mtu Ulaya anapiga mnada. Mimi sina ugomvi na yule anayekusanya na kuweka. Ameitunza karatasi ambayo panya wa nyumbani angeshakula. Ugomvi wangu ni na anayeomba kadi sita akijua tano ni za kuuza, kisha anatia dola moja ya stempu. Ukitaka kufanya biashara na jina la mtu, mwite mezani.

Kuna kitu kingine cha giza kuhusu biashara hii: kifo hupandisha bei. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni tatu tu. Valencia Desemba 2022, London Aprili 2023, Chicago Oktoba 2023, na hiyo ya tatu ndiyo ile rekodi ya dunia ya 2:00:35. Februari 2024 akafa ajalini kwenye barabara ya Kaptagat, akiwa na miaka 24. Miezi kumi ya marathoni. Muda aliokuwa nao wa kusaini kitu chochote kwa jina la bingwa ulikuwa mfupi sana. Sisi huku tulikuwa tunalia; kwa soko la saini, kitu kilikuwa kimegeuka adimu. Sisemi mtu alifurahi. Nasema soko halina machozi.

Na sisi wenyewe je? Tuko na selfi. Mwanariadha akionekana mjini, simu zinatoka kabla ya salamu. Mimi sidharau selfi, ninazo zangu. Lakini tuambiane ukweli: selfi ni picha yako, na shujaa amewekwa pembeni kama ushahidi. Ukibadilisha simu inapotea na zile za chapati na za mvua. Eliud alipokimbia 1:59:40 Vienna mwaka wa 2019 mji huu ulisimama, wote tukapost. Hebu sasa hivi tafuta hiyo post yako. Umeipata? Mjerumani wa kadi anajua karatasi yake iko droo gani.

Ila ngoja, kwa sababu hapa ndipo nataka kubishana na huyo Mjerumani pia. Amefanya kazi ya miaka hamsini na swali lake limekuwa moja tu: tafadhali andika jina lako. Na mzee akaandika jina lake. Kipchoge Keino. Naftali Temu. Amos Biwott. Karatasi nzuri, wino mzuri, na zaidi ya hapo kimya. Mtu alikuwa na barua iliyofika hadi mkononi mwa Temu, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki, na hakumuuliza chochote. Temu alifariki 2003.

Chukua Ben Jipcho. Tarehe 20 Oktoba 1968, Kenyatta Day, siku tunayoiita Mashujaa sasa, fainali ya mita 1,500. Mexico City iko juu zaidi ya mita 2,200, hewa nyepesi kama ya kwetu. Jim Ryun wa Marekani ndiye mwenye rekodi ya dunia, na kasi yake ya mwisho ilikuwa inaogopwa na kila mtu. Jipcho, kijana wa miaka 25, anaondoka mbele kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mzunguko wa kwanza unaisha kwa sekunde 56. Hewa ile huwezi kukimbia hivyo halafu ushinde, na Jipcho alijua. Alikuwa anamchoshea Keino wale wengine. Keino akachukua usukani, akamaliza kwa 3:34.9, Ryun akiwa nyuma karibu mita 20. Keino dhahabu, Ryun fedha. Jipcho alifika akiwa miongoni mwa wa mwisho.

Sasa fikiria barua inafika kwa Jipcho miaka ya tisini, na ndani, badala ya "tafadhali saini kadi hizi mbili", kuna swali: ulijuaje kwamba utakubali kupoteza? Nani alikuambia, ama uliamua mwenyewe? Uliporudi nyumbani, watu walikusalimia vipi? Alikuwa na miaka mingi ya kujibu. Alistaafu, aliishi huku kwetu, tulipishana naye. Alifariki Julai 2020, wakati hata mazishi yalikuwa ya watu wachache kwa sababu ya korona. Kiprugut Chuma akafuata Novemba 2022. Rono, Februari 2024, siku chache tu baada ya Kiptum. Rono angalau aliandika kitabu cha maisha yake. Wengi wao hawakuandika kitu.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: "Si kuna mahojiano YouTube?" Yapo, na ni mazuri, yaangalieni. Lakini mahojiano yana kamera, yana mtangazaji anayetaka dakika nane, na mzee anasema yale amesema mara mia. Barua haina haraka. Mtu anaisoma asubuhi, anaenda kukamua, anafikiria, anarudi kujibu jioni. Anaweza kukata sentensi na kuanza upya, na ile sentensi iliyokatwa nayo unaiona. La pili: "Si uende tu kwake?" Enda, kama unamjua. Ila kufika kwa boma la mtu bila taarifa na simu mkononi ni tabia ya wenye deni. Barua inampa mzee nafasi ya kusema hapana bila kukufukuza.

La tatu ndilo lenye uzito: wengine wao hawakusoma sana, kuandika ni kazi. Kweli. Ndio maana sisi tuko mahali pazuri kuliko mtu wa Stuttgart. Yeye lazima aandike Kiingereza. Wewe unaweza kuandika Kiswahili, unaweza kuandika Kinandi ama Kikeiyo, unaweza kujua kwamba mjukuu wake mlisoma naye na atamsomea. Akijibu kwa kumwambia mjukuu aandike, basi una mwandiko wa watu wawili na mazungumzo yaliyotokea mezani kwa sababu yako. Mjerumani hawezi kununua hiyo.

Njia yenyewe haina siri. Usitafute staa wa mwaka huu, huyo ana kambi, ana mazoezi saa kumi na moja asubuhi, mwache akimbie. Tafuta aliyestaafu. Bora zaidi yule aliyefika fainali akawa wa sita, ama aliyeshinda mashindano ya wilaya 1981, akaitwa kambini, halafu mguu ukakataa. Karibu kila mtaa wa Eldoret uko na mmoja. Yule mzee wa duka la dawa za mifugo anayetembea kama bado ana namba mgongoni, umeshawahi kumuuliza? Andika ukurasa mmoja, kwa mkono. Uliza swali moja ambalo jibu lake haliko mtandaoni. Tia bahasha ya pili, andika anwani yako, bandika stempu ya Kenya. Kama huna boksi, Posta siku hizi inakuruhusu kutumia namba ya simu kama anwani kupitia MPost. Usitie kadi sita. Usiombe kitu kingine. Halafu ngoja, na kungoja huku kwetu tunajua, si tumengojea hadi stima.

Ya kwangu ya kwanza nimeshaiandika. Inaenda kwa mwenye Kazi Mingi, lile shamba la nje ya mji ambako yeye na mkewe walilea watoto wengi waliokosa wazazi, na ambaye uwanja wetu una jina lake. Nikaona nisimuulize kuhusu Ryun, ameulizwa kuhusu Ryun tangu kabla mama yangu azaliwe. Inasema hivi:

"Chamgei Mzee. Mimi ni kijana wa hapa Eldoret, hatujuani. Sitaki kukuchosha, nina swali moja tu. Usiku wa kuamkia fainali ya Mexico, wewe na marehemu Jipcho mlikuwa mnaongea nini? Hata kama ilikuwa ni chakula, niandikie. Bahasha ya kujibu iko ndani, stempu nimebandika."